Mwalimu wa Visiwa vya Mbali

Mwalimu alikuwa akionyesha vitu kwa midomo. Ukimwuliza chaki iko wapi, hakunyoosha kidole. Aliisogeza midomo mbele kidogo, kama mtu anayeubusu upepo, akaielekeza kabatini, nawe ukajua. Mimi nimekulia Kigoma, ambako bibi zetu nao huonyesha vivyo hivyo. Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo, katika shule ile ya ghorofani pale Rosettenville, kusini mwa Joburg, nilihisi kama ndugu wa mama yangu amenijia akiwa amevaa sura ya nchi nyingine. Nikacheka. Naye akacheka, bila kujua ninacheka nini. Ukaribu wetu ulianzia hapo.

Alikuwa mwanamke wa Kifilipino. Aliponiambia mara ya kwanza kwamba kwao ni visiwani, akili yangu ilikimbilia Unguja na Pemba, nikamwambia nami ninaye shemeji huko. Tulizungumza hivyo muda mrefu, kila mmoja akiwa na visiwa vyake kichwani, na tulielewana vizuri tu mpaka alipotaja saa za kukaa ndani ya ndege.

Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ni upi. Jina lake nalijua, lakini halikuwa likitumika. Wazazi wa Kikongo na wa Kirundi walimwita Mwalimu, watoto wakaiga, na mwishowe hata Mreno mwenye duka la mikate pale kwenye kona alimsalimu, "Good morning, Mwalimu," akidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Hakumsahihisha. Nadhani alilipenda. Siku moja aliniambia kwamba kwao kujua ni *alam*, na hakimu ni *hukom*, na kushukuru ni *salamat*, na kwamba mtu fulani zamani sana lazima alipita kwetu na kwao akiwa na mfuko uleule wa maneno, akawa anayaacha kila anapolala.

Shule ilikuwa juu ya duka la magodoro. Madirisha ya darasa letu yalitazama vilima vya mchanga wa njano uliotolewa migodini zamani, na mwezi wa nane, upepo ulipovuma, vumbi lile lilipanda hewani na darasa zima likawa na rangi ya manjano ya kupikia. Watoto walionekana kama watu tunaowaota. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa darasa tangu mwanzoni mwa 2015. Nilipanga viti, nilifuta pua, nilimtafsiria kwa wazazi wasiojua Kiingereza. Yeye alifundisha, na katikati ya kufundisha mara nyingine alinyamaza akitazama vilima vile, na watoto nao wakageuka kutazama, tukakaa hivyo sote kwa muda mpaka mmoja akapiga chafya.

Mvua ndiyo iliyomchukua mbali zaidi. Joburg mvua ya majira ya joto huja mchana baada ya masomo kuanza kuchosha: anga linakuwa jeusi, radi moja, kisha maji yanamwagwa. Yeye aliacha alichokuwa akifanya. Mwaka mmoja ikanyesha mvua ya mawe, yale makubwa yanayovunja vioo vya magari, na ilipokatika uwanja wote wa shule ulikuwa mweupe. Mwalimu alishuka ngazi, akasimama katikati ya weupe ule na viatu vyake vya turubai, akaokota jiwe moja akaliacha liyeyuke kiganjani.

"Nilipokuwa mtoto," aliniambia baadaye, "kila Krismasi tulichora theluji. Tulibandika pamba kwenye karatasi. Kwetu hakujawahi kuanguka theluji, Mama Neema. Nje kulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa. Lakini vitabu vilikuwa na theluji, na mwalimu alikuwa na pamba. Miti iliyokuwa dirishani hatukuichora hata siku moja. Majina yake nimekuja kuyajua nikiwa mtu mzima."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesimulia ndoto ya jirani. Lakini nadhani mambo yake yote ya darasani yalitoka pale, kwenye miti ile ya dirishani.

Mtaala ulimtaka afundishe watoto bendera za nchi zao. Aliwapa karatasi na kalamu za rangi. Walichora: Kongo, Burundi, Malawi, Zimbabwe, Ureno, na bendera hii ya hapa ambayo kila mtoto anaijua kwa sababu ya mpira. Yeye akachora ya kwao ubaoni, buluu juu na nyekundu chini, akawaambia kwamba nchi yake ikiwa vitani bendera hupinduliwa, nyekundu ikawa juu. Watoto walipenda sana jambo hilo. Josué, mtoto wa kinyozi mmoja Mkongo, ndiye pekee aliyekuwa hajachora kitu. Baba yake ni wa Lubumbashi, mama yake Mrundi, na yeye amezaliwa hospitali ya hapahapa.

"Sijui nichore ipi," alisema. "Nikichora ya Papa, Mama atauliza. Nikichora ya hapa, watasema si yangu."

Mwalimu alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Basi leo usichore bendera," akamwambia. "Chora meza ya kwenu. Nani anakaa wapi, na chungu kiko wapi."

Josué alichora mpaka kengele ikalia akawa bado anachora. Meza ilikuwa na watu wengi kuliko waliokuwa wakiishi nyumbani kwao; alimweka hata bibi aliyeko Bujumbura, ambaye hajawahi kumwona ila kwenye simu. Watoto wengine wakaona wivu, wakaomba nao wachore meza. Wiki ile ukuta wetu wote ulikuwa meza tu, na Mkuu wa shule alipopita kukagua bendera alisimama pale akiwa haelewi.

Siku nyingine aliwauliza watoto wamwonyeshe jinsi wanavyowasalimu wakubwa nyumbani. Mtoto wa Kimalawi alipiga goti. Mrundi alishika mkono kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe akawaonyesha ya kwao: mtoto anauchukua mkono wa mtu mzima, anainama, anauweka kwenye paji lake la uso, na kuomba baraka. Nami nikawaeleza shikamoo, kwamba maana yake ni nimeshika miguu yako. Walicheka. "Mguu wenyewe?" wakauliza. Binti yangu Neema alikuwa darasani humo. Neema ni mtoto wa Joburg. Kiswahili anakisikia chote, ukimtuma kitu analeta kilekile, lakini akijibu ni Kiingereza au Kizulu. Jioni ile nilikuwa nakatakata mboga, akaja akauchukua mkono wangu ukiwa umelowa, akauweka kwenye uso wake. Paji lake lilikuwa la moto kwa kukimbia. Akasema, "Shikamoo." Nilimwambia, "Marahaba, mama," na sauti yangu ikanitoka kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchelewaji wa kupindukia. Aliwafokea watoto wakichelewa, na yeye aliingia akihema, nywele zimelowa, akisema kwao kuna saa ya Kifilipino. Nikamwambia hata sisi tunayo yetu. Akipika, nyumba nzima ilinuka samaki wakavu; alikuwa amegundua dagaa kwenye soko la Wakongo na aliwapenda kuliko nyama, akawakaanga mpaka majirani wake wa ghorofani, huko Berea, walipogonga ukuta. Na wali. Alikula wali na kila kitu, hata na chipsi. Tena mtu huyuhuyu aliyewaambia watoto wazipende nchi zao, Jumapili baada ya misa alikuwa akiwafundisha Kiingereza cha mtihani wasichana wa kila taifa waliotaka kwenda kufanya kazi Dubai na Kanada. Nilimwuliza inakuwaje.

"Nchi yangu inasafirisha akina mama," akasema. "Inawalea, inawasomesha, inawapandisha ndege. Kisha inaimba kuhusu nyumbani. Mimi naujua wimbo wote, Mama Neema, na ndege pia nimepanda."

Lakini jambo kubwa lililonishangaza lilikuwa mwanawe. Alikuwa na kijana mmoja tu, aliyemleta hapa akiwa mdogo sana, na mimi nilipomfahamu alikuwa tayari sekondari, mrefu, mpole, mchezaji wa mpira. Alizungumza Kiingereza na mama yake, na Kizulu na rafiki zake. Cha mama yake hakukijua. Alijua kumwita bibi yake *Lola* kwenye simu, na majina ya vyakula. Baada ya hapo Lola alikuwa akitabasamu kule, yeye akitabasamu huku, mpaka mtandao unakatika. Mwalimu, ambaye alikuwa akimkimbilia mtoto wa Kimalawi kwenye ngazi ili amfundishe neno moja la Kichewa, kwa mwanawe hakuwa hata na "njoo ule" ya lugha yake.

Sikutaka kumwuliza. Alinieleza mwenyewe, mvua ikinyesha.

"Tulipofika hapa alikuwa akizungumza cha kwetu vizuri kabisa. Alikuwa anaimba. Mwalimu wake wa chekechea akaniita, akasema mtoto anachanganya lugha, atabaki nyuma, nimsemeshe Kiingereza tu. Nikatii. Mimi mwenyewe mwalimu, nikamtii mwalimu." Akaisogeza midomo yake kuelekea dirishani, kule nje, kama kwamba lugha ile ya mwanawe ilikuwa imesimama uani. "Haikuchukua muda. Ilimtoka kama jino la utoto. Sikulisikia hata likianguka."

Sasa niseme habari ya mkutano, maana watu wa Rosettenville waliokuwa na watoto pale bado wanaukumbuka.

Mwaka wa tatu wa kazi yetu, Mwalimu alikuwa ameweka desturi kila Ijumaa mtoto mmoja alete neno la nyumbani. Aliliandika kwa herufi kubwa, wote wakalisema, wakalikimbiza uwanjani siku nzima. Ungekuta mtoto wa Kireno anaita *muduli* kwa mpira wa matambara, na watoto wakilia kwa kucheka kwa sababu *baba* kwa Mwalimu ni kidevu. Walitoka na maneno hayo mpaka barabarani, mpaka kwenye roboti, zile taa za kuvukia barabara, wakipiga kelele.

Kwenye mkutano wa wazazi, baba yake Josué alisimama. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye kontena lake la kinyozi karibu na spaza, kiduka cha mtaani. Alizungumza Kiswahili cha kwao, chenye "ba" penye "wa" yetu, mimi nikitafsiri.

"Mwalimu, tunakuheshimu sana. Lakini mimi niko kinyozi. Mwaka ule balipovunja duka za bageni, na yangu, habakuniomba karatasi. Balisikia namna naongea, basi. Ile tu. Banasema, 'Huyu hapana wa hapa.' Sasa weye unafundisha mutoto yangu aongee vile mu njia, tena kwa sauti. Unataka bamusikie?"

Ukumbi ukalipuka makofi. Mama mmoja akasema analipa ada ili mtoto apate Kiingereza, Kiswahili anacho bure jikoni. Mkuu wa shule, ambaye hakupenda vurugu, akatangaza palepale: kuanzia Jumatatu ni Kiingereza tu, darasani na uwanjani.

Nilimtazama Mwalimu. Alisimama, mikono ameishika pamoja mbele yake kama mwanafunzi.

"Papa Josué," akasema, "nilifikiria darasa. Barabara sikuifikiria. Nisamehe."

Akakaa. Jumatatu aliyabandua maneno yote ukutani yeye mwenyewe, polepole, na wiki ile yote alifundisha vizuri bila kosa, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Watoto walimwogopa kidogo.

Jumamosi akanipigia simu nimsindikize. Tukaenda mpaka kwenye kontena la kinyozi. Wanaume walikuwa wamejaa kwenye benchi wakingoja. Mwalimu akajibana katikati yao, mkoba magotini.

"Unakuja kunyolewa, Mwalimu?" Papa Josué akauliza, mashine mkononi.

"Nimekuja kuzungumza."

"Eish," mteja mmoja akasema chini ya shuka, "basi mimi nitabaki nusu kichwa."

Mwalimu akaniomba nitafsiri. Akasema: "Mwanao anajua Kizulu kuliko wewe na mimi. Amekipata uwanjani, bure. Naomba akufundishe. Na wewe umfundishe cha kwenu. Si barabarani. Ukumbi wa kanisa, Jumamosi, na mlango ufungwe ukitaka. Atoke pale akiwa na lugha ya njiani na lugha ya nyumbani, na ajue ipi anaivaa wapi."

Mashine ilikuwa ikinguruma hewani bila kunyoa kitu.

"Mimi nifundishwe na mutoto yangu mwenyewe?"

"Na mimi nitakaa kwenye benchi pamoja nawe."

"Papa, utapata sifuri," yule wa chini ya shuka akasema, na kontena zima likacheka. Papa Josué naye, baada ya kukaza uso, akacheka.

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi zile. Bibi mmoja Mzulu aliyestaafu ualimu, tuliyemwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alikuja kusimamia. Saa ya kwanza watoto walikuwa walimu na sisi wanafunzi. Hakuna kitu kilichonipa furaha Joburg kama kumwona baba mzima akipambana na ile sauti ya kubofya ulimi, na mwanawe mbele yake, mkali kama hakimu: "No, Papa. Ulimi juu. Rudia." Mwalimu alikuwa mbovu kuliko wote. Neema alikata tamaa naye mara mbili. Kisha tukabadilishana, watoto wakakaa, wazazi wakafundisha. Hakukuwa na vitabu. Wazazi walisimulia tu, jua likiingia kwa vile vioo vya rangi vya kanisa na kuwamwagia watoto uwekundu na ubuluu mapajani.

Siku moja ilikuwa zamu ya Papa Josué, naye badala ya kuwafundisha majina ya samaki kama alivyopanga, akaanza kusimulia siku ile ya duka. Alisimulia kwa Kiswahili chake, taratibu, macho kwa mwanawe tu. Jinsi alivyoisikia kelele ikija kutoka juu ya barabara. Jinsi alivyotaka kusema neno moja la kuwasihi, akajua kwamba neno hilohilo ndilo litakalomuua, akafumba mdomo. "Nilikukataza," akamwambia Josué, "hapana kwa sababu lugha yetu iko mbaya. Niliogopa tu. Nilikuwa naifunga mu kinywa yako vile nilifunga mu yangu."

Josué akamwendea, akasimama karibu na goti lake. Gogo, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, alikuwa akijifuta macho.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto. Mkuu hakuiondoa amri yake. Majira ya baridi ukumbi ulikuwa kama jokofu na watu walipungua mpaka tukabaki familia chache. Neema bado ananijibu kwa Kiingereza siku nyingi. Lakini najua Papa Josué alisimamishwa tena na vijana, pale kwenye roboti, akawajibu kwa Kizulu chake kibovu, wakamcheka matamshi, wakampisha. Alikuja kutusimulia huku akiiga alivyosema, tukamsahihisha sote kwa pamoja.

Mimi niliacha shule mwaka uliofuata nikapata kazi dukani Mayfair, tukawa tunaonana kwa nadra. Kisha katikati ya 2019, siku ya baridi kavu, akanipigia. Mwanawe amemaliza shule, amepata chuo, lakini kule kwao, visiwani, ambako ada ina nafuu. Atakaa kwa Lola. "Nisindikize uwanja wa ndege," akasema. "Kwenda naweza. Kurudi peke yangu ndiyo sitaweza."

Mchana wa safari kijana alikuwa na begi moja na koti alilolishika mkononi. Walizungumza Kiingereza, kama kawaida yao: pasipoti, chaja, usilale ukapitwa na ndege ya pili. Mwalimu alimfunga zipu ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Wakakumbatiana. Akaingia kwenye ile foleni inayozungukazunguka kati ya kamba, ambako sisi wa kusindikiza haturuhusiwi. Alipofika kona ya kwanza akageuka.

"Mama," akaita, "maji wanayaitaje?"

Mwalimu alishtuka kama aliyeguswa. "*Tubig!*"

"*Tubig*," akarudia, foleni ikimsogeza. "Na njaa?"

"*Gutom!*"

Wakaendelea hivyo, yeye akienda na kurudi kati ya kamba zile, akikaribia kisha akienda mbali, mama akisogea pembeni kumfuata, akipaza sauti bila haya. Kulala. Choo. Kushoto. Naomba. Watu walikuwa wakitugeukia. Mlinzi mmoja akatabasamu. Mwanga wa baridi ulikuwa ukipita kwenye yale madirisha marefu, na maneno yale yalisafiri ndani yake, yakienda na kurudi, mpaka mimi nisiyeyajua nikawa nayarudia midomoni.

Kijana alifika mwisho, penye ukuta wa kioo cha ukungu. Akapita. Tuliona kivuli chake tu. Kisha kivuli kikasimama.

"Mama! Nikifika mlangoni kwa Lola, niseme nini?"

Mwalimu alisogea mpaka kamba ikamzuia.

"*Nandito na ako*," akasema. Halafu kwa nguvu: "*Nandito na ako!*"

Nilimwuliza maana yake. Akaninong'oneza: nimefika, niko hapa.

Nyuma ya kioo tulimsikia akilisema. Alilivunja vibaya, mkazo wote akauweka pasipo pake, kwa lafudhi ya Joburg kabisa, akalisema tena vilevile huku akienda. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumsahihisha.